Gari la Viti Viwili

Gari lile lilikuwa na viti viwili tu, na matata yote yalianzia hapo.

Lingekuwa lori, Bi Aziza angekaa nyuma juu ya magunia, mkwe wake angeshika usukani mbele, na dunia ingekwenda salama. Lingekuwa gari la kawaida la wazungu, lenye kiti kirefu cha nyuma, bado ingewezekana: mama nyuma na kitambaa usoni, mkwe mbele hageuki. Lakini hili lilikuwa gari la mbio, jekundu, halina paa, limezeeka kwa heshima, na viti vyake vimebanana hata mabega ya waliokaa yanagusana. Na kwa watu wa Kasongo, kama kwa watu wa Wamaza alikozaliwa mkwe wake Musafiri, mwanamume hagusani bega na mama wa mke wake. Hali chakula naye, hamtazami usoni, hasemi naye. Akimwona njiani anaingia majani mpaka apite. Neno lake kwa mama mkwe linapita katika kinywa cha mke, na jibu linarudi njia ile ile.

Kinywa hicho kilikuwa cha Faida.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi, mwaka wa hamsini na saba, Faida alisimama katikati ya uwanja wa garaji ya kampuni ya pamba, mtoto wake Heri mgongoni, jua limeshaanza kuuma. Mbele yake, mama yake alikuwa analizunguka gari. Nyuma yake, mume wake Musafiri alisimama mlangoni pa stoo, ameupa uwanja mgongo kama mtu anayehesabu matofali ya ukuta. Na kando, na kofia yake nyeupe, alikuwepo Bwana Verlinden, mkubwa wa garaji, bwana wa Musafiri na mwenye gari. Jumamosi alikuwa anapanda treni ya Samba kurudi kwao Ulaya asirudi tena, na gari halikuwa la kuingia katika sanduku.

"Hii ilikimbia mashindano Usumbura," Bwana Verlinden alisema. "Ya pili! Watu kumi na nne, hii ya pili."

"Ndiyo, bwana," Bi Aziza alijibu, na hakuacha kuzunguka.

Mjini walikuwa wanamcheka tayari. Mjane, muuza mchele, anataka gari la kukimbizia upepo! Alimasi, fundi wa kushona mwenye baraza ng'ambo ya barabara, aliacha cherehani na kusogeza kiti aone vizuri. "Mama Aziza," alipaza sauti, "ngunia utaweka wapi? Kwenye magoti?"

"Nitakuweka wewe kwenye magoti, Alimasi, uache kupiga kelele kama mutoto."

Faida peke yake alijua. Bi Aziza hakutaka gari. Alitaka moteri, ile injini iliyo ndani yake. Kwa misheni alikuwa ameona mashine ya kukoboa mpunga, mkanda unazunguka, mchele unamwagika mweupe, na nyumbani kwake wanawake sita wanatwanga mpunga wa Lusangi tangu alfajiri mpaka mikono inaota malengelenge. Mara tatu Faida alimwandikia mama yake barua za kupeleka kwa wauza mashine, kwa Kifaransa, Kifaransa chake cha masomo ya jioni ya wanawake, kuomba kununua moteri ya mashine. Mara tatu hakuna aliyejibu. Basi Bi Aziza aliposikia mzungu anauza mutuka, alisema tu, "Mutuka si iko na moteri ndani?" Na akafungua sanduku alilokuwa anatia akiba tangu baba yake Faida alipozikwa. Yote. Moteri ikiwa mbovu, hakuna sanduku la pili.

Alilikagua gari kama anavyokagua mpunga, asiyeamini kinachoonekana juu. Alitia mkono chini ya kiti, akatoa vumbi, akalinusa. Magari ya namna ile yana mifupa ya mbao chini ya bati, na alipojua hivyo akavua pete yake akagonga mbao moja moja, sikio limeegemea mlango.

"Hapa iko muzima. Hapa muzima. Hapa..." Akagonga tena. "Hapa muchwa walipita."

Bwana Verlinden akacheka. "Mama, hii mutuka, hapana nyumba."

"Bwana, muchwa hawajui kusoma."

Kicheko cha Alimasi kilivuka barabara. Bi Aziza hakucheka. Aliomba aoneshwe mafuta ya moteri. Kijiti kikatolewa, na mafuta yalikuwa safi kama asali. Aliyanusa kwa muda mrefu.

"Haya mafuta ni ya leo," alisema pole pole. "Faida, uliza mukwe wangu kwa nini mafuta ni ya leo."

Faida akaenda stoo. Musafiri hakugeuka. Siku tatu alikuwa hivyo nyumbani, chakula anakirudisha nusu, akiulizwa anasema ni kichwa.

"Baba Heri, mama anauliza mafuta."

"Mwambie, bwana aliamuru yabadilishwe."

Ilikuwa kweli, na Faida akaibeba ilivyo. Alifundishwa tangu utoto: anayebeba neno kati ya mkwe na mkwe haongezi wala hapunguzi. Siku akipunguza, nyumba mbili zimevunjika.

"Sasa nataka ipande mulima wa njia ya Kabambare," Bi Aziza alisema.

"Muzuri! Musafiri ataendesha. Mama, kaa." Na Bwana Verlinden akafungua mlango, akaonesha kiti.

Musafiri alitumbukia ndani ya stoo kabisa. Bi Aziza alirudi nyuma hatua tatu, na Alimasi akashika kichwa: "Bwana, unataka mvua iache kunyesha?"

Miaka tisa Bwana Verlinden alikuwa Kasongo, na bado alidhani ni haya ya wanawake tu. Akainua mabega. Faida akamfungua Heri mgongoni, akampakata, akaingia yeye. Mlango ukafungwa kwa nje, kwa nguvu. Musafiri alipokuja kushika usukani, mzungu aliinama sikioni kwake, lakini Faida alisikia.

"Hapana kupita daraja, hapana kupanda mulima. Unafika daraja, unageuka. Umesikia?"

"Ndiyo, bwana."

Wakaondoka. Na kwa muda mfupi, labda mpaka kwenye michikichi ya mwisho ya mji, Faida alikuwa na furaha ambayo hakuitafuta. Upepo ulimpiga usoni, Heri alifumba macho akafungua kinywa kana kwamba anaunywa, na bega la mume wake liligusa la kwake mchana kweupe mbele za watu. Akataka kumwambia kitu. Musafiri alimtangulia.

"Mama Heri, hii moteri imepasuka."

Alisema akitazama barabara.

"Imepasuka ubavuni, upande wa moshi. Ufa mrefu kama kidole changu. Tangu mwezi wa Ramadhani. Bwana aliniambia nifunge na simenti ya chuma, nipake rangi nyeusi juu. Nilifunga. Maji yalikuwa yanaingia katika mafuta, ndiyo maana yamebadilishwa leo. Na feni hakuna, waliiondoa kwa ajili ya mashindano. Ikikimbia kidogo, upepo unaipoza. Ikipanda mulima, au ikisimama inanguruma mahali pamoja, inachemka na ufa unafunguka."

Faida alimtazama Heri, kwa kuwa hakuweza kumtazama yeye. "Nitamwambia mama nini?"

"Mwambie iko muzuri."

"Ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Na huyu ni mutoto wangu." Akabadilisha gia. "Kitabu changu cha kazi kiko katika meza yake. Ameniambia, mutuka ikiuzwa, ataandika maneno mazuri na nitakuwa kapita, mukubwa wa mafundi. Isipouzwa, ataandika muvivu na muharibifu. Nani atanipa kazi na kitabu hicho? Karatasi ya kwenda mji mwingine hawatanipa. Tunarudi Wamaza, wananipimia shamba la pamba kwa kamba, na wewe unapalilia na mutoto mgongoni."

Faida aliona yote kwa mara moja: nyumba yao ya matofali katika kampu ya wafanyakazi, vyumba viwili na dirisha la kioo, Jumanne ambapo sista anampima Heri katika mizani na kuandika kilo zake, ubao mweusi wa jioni, jina lake mwenyewe juu yake kwa chaki. Upande wa pili aliona mikono ya mama yake. Haikuwa na kucha mbili tangu zamani, kwa ajili ya kutwanga.

Alitaka kushuka. Tu kushuka, atembee kwa miguu, afikiri. Mkono wake ulitafuta kitasa cha mlango ndani, ukakuta tundu. Kitasa kilikuwa kimeng'oka siku nyingi.

"Huo unafunguliwa kwa nje tu," Musafiri alisema.

Daraja lilifika. Wakageuka.

Waliporudi uwanjani watu walikuwa wameongezeka, wanawake wa soko na vikapu vyao, waendesha baiskeli wameshusha mguu mmoja. Gari lilisimama, moteri bado inanguruma taratibu. Sindano ya kipimo cha joto ilikuwa katikati, haina ubaya. Bwana Verlinden alisugua viganja. Bi Aziza alisogea upande wa binti yake, macho chini ili asimwone mkwe, akauliza lile ambalo uwanja wote ulikuwa unalingoja.

"Faida. Mukwe wangu anasema nini?"

Neno alilopewa Faida lilikuwa kinywani tayari, maneno mawili tu, iko muzuri. Akiyatoa, amemwibia mama yake miaka yote ya sanduku lile. Akiyameza na kutoa mengine, amemtia mume wake shimoni kwa mkono wake mwenyewe, na pia amekuwa mbeba neno aliyelibadilisha. Heri alivuta kitambaa chake kutafuta titi. Faida aliona mkono wa Musafiri unakwenda kwenye ufunguo ili kuzima moteri.

"Bwana, nifungulie mlango," alimwambia mzungu haraka. Ulipofunguliwa akashuka. "Mama, neno liko ndani ya mutuka. Kaa mwenyewe ulisikie."

Mtu mmoja alifanya "eee!" kwa mshangao. Bi Aziza alimtazama binti yake, akamtazama sana, kama gunia lililowekwa mchele mweupe juu tu. Kisha akakaza kanga kiunoni na kwenda moja kwa moja kwenye kile kiti.

Musafiri hakungoja. Aliruka mlango wa upande wake kama mtu aliyekalia siafu, akaacha ufunguo, akaacha kofia, akakimbilia nyuma ya mapipa ya mafuta na kuinama huko. Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Bi Aziza aliketi, akaufunga mlango yeye mwenyewe, akaweka mikono mapajani. Moteri ilikuwa inanguruma.

"Haya," Bwana Verlinden alisema. "Mama amekaa. Sasa tunazima."

"Acha iimbe, bwana. Mimi ninanunua na masikio."

"Musafiri! Kuja kuzima!"

"Bwana, mama mukwe iko ndani," sauti ilitoka nyuma ya mapipa. "Siwezi kufika hapo."

"Hawezi, bwana!" Alimasi alithibitisha kutoka barazani. "Hata ukimpiga!"

Mzungu akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya mlango, mpaka karibu na ufunguo. Bi Aziza akamtazama kwa upole. "Imechoka haraka hivyo, bwana? Na mashindano ya Usumbura ilikimbiaje?"

Wanawake wa soko wakacheka. Ule mkono ukakaa hewani, ukarudi mfukoni, ukatoka na sigara. Bwana Verlinden alitabasamu, na Faida akaona shingo yake imekuwa nyekundu kuliko gari. Akizima, amesema mwenyewe. Asipozima, gari litasema. Sasa wao wanne wote walikuwa wamefungwa mahali pamoja na ile moteri: mzungu na sigara yake, mume wake nyuma ya mapipa, mama yake katika kiti ambacho hakifunguki kwa ndani, na yeye.

Faida alikaa juu ya tairi kuukuu akamnyonyesha Heri. Mtoto alinyonya, akapumzika, akanyonya. Sindano hakuweza kuiona alipokaa, lakini alisikia sauti ya moteri inabadilika, inakuwa nzito kama mtu mwenye mafua. Harufu ikaja, ya rangi inayoungua. Halafu kitu kilidondoka chini ya gari, tap, kipande cheusi kama ganda la kidonda. Maji yakafuata. Mvuke ukapanda mweupe ukamfunika Bi Aziza mpaka kichwani.

Watu walikimbia nyuma. Faida alikimbia mbele, Heri ubavuni, akavuta mlango kwa nje, akamtoa mama yake kwa mkono. Bwana Verlinden alikuwa ameshazima moteri na alikuwa anapiga kelele.

"Musafiri! Weye umeharibu! Nitaandika! Kitabu yako nitaandika yote!"

Bi Aziza alipangusa uso. Hakuonekana kuwa na haraka hata sasa. Akaupa mgongo upande wa mapipa, kama inavyotakiwa, akauliza mara ya pili:

"Faida, mukwe wangu anasema nini?"

Faida hakumsaidia mume wake kwa jicho wala kwa kikohozi. Akangoja tu, mpaka mtoto akaanza kulia. Kisha Musafiri akasema, si kwa nguvu, lakini bila kutetemeka: "Mwambie mama moteri ilipasuka tangu mwezi wa Ramadhani. Mimi niliifunga. Bwana alinikataza kusema, na mimi nilikubali kwa kuogopa. Mwambie anisamehe."

Faida akalibeba. Alilisema lote, kwa sauti iliyofika barazani kwa Alimasi, hakupunguza "niliifunga" wala "nilikubali". Lilikuwa zito, lakini lilipita kooni.

"Muulize," Bi Aziza alisema, "kama moteri hii ikikaa mahali pamoja, haipandi mulima, haibebi mutu, inazungusha mukanda tu. Itakufa?"

Musafiri alifikiri. Faida alijua ile sauti yake ya kufikiri, anavyosugua ndevu. "Mwambie, ikiunganishwa na pipa kubwa la maji baridi, haitachemka. Ule ufa nikipewa juma moja na misumari ya shaba, nautoboa-toboa na kuushona. Mara ile bwana alinipa asubuhi moja na simenti. Itatwanga, lakini mutuka haitakuwa tena."

"Hivyo." Bi Aziza akamgeukia mzungu, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima. "Bwana, watu wote wameona moshi. Mpaka Jumamosi hakuna mwingine atakayekuja. Mimi nitaichukua kwa bei ya chuma. Na nitalipa hapa hapa, ukishaandika kitabu cha mukwe wangu mbele ya huyu binti. Yeye anasoma."

Bwana Verlinden alisema kitu kwa lugha yake, kirefu, si cha kwenye ubao wa masomo ya jioni. Akaingia ofisini. Alipotoka alikuwa na kitabu na kalamu. Aliandika juu ya bati la gari lililokuwa bado la moto, akampa Faida bila kumtazama.

Faida alisoma kwanza kwa macho, kidole chini ya mstari. Hakukuwa na mvivu. Hakukuwa na mharibifu. Hakukuwa na fundi hodari pia, wala kapita. Fundi wa magari, miaka minne, ameondoka kazini tarehe ya leo, sahihi.

"Nyumba ya kampu, Jumatatu mutoke," Bwana Verlinden alisema.

"Imeandikwaje?" Bi Aziza aliuliza.

"Imeandikwa alikuwa fundi, mama. Hakuna neno baya." Akakifunga kitabu. "Na nyumba tumenyang'anywa."

Faida alimsikia Musafiri anapumua nyuma ya mapipa. Mkwe hawezi kulala katika ua wa mama mkwe, hilo kila mtu alilijua. Itabidi watafute chumba, na kodi, na dari isiyovuja kwa ajili ya Heri. Bi Aziza alilijua pia. Alikuwa anahesabu vidole.

"Nyuma ya ua wangu kuna nyumba ya marehemu shemeji yangu, mulango wake unatazama barabara nyingine," alisema mwishowe, kama anaongea na kanga yake. "Mashine itakaa katikati yetu, na ukuta wa mikeka. Mwambie."

Faida akamwambia. Jibu likaja fupi: "Mwambie mama, aksanti."

Bi Aziza akalipa, lakini gari halikwenda lenyewe tena. Ilibidi lisukumwe mpaka upande wa pili wa mji, na mtu akae kwenye usukani. Musafiri alikuwa wa kusukuma, pamoja na waendesha baiskeli wawili na Alimasi, aliyefunga baraza ili asikose. Bi Aziza alitangulia mbali mbele kuonesha njia, mgongo umenyooka. Basi Faida akaingia upande wa usukani, Heri amelala mapajani. Katika maisha yake hakuwahi kushika kitu cha namna ile. Kilikuwa bado na alama za mafuta za mikono ya mume wake.

"Mama Heri! Shika kwa mikono miwili!" Musafiri alipiga kelele kutoka nyuma. "Usiogope, iko nzito kidogo tu!"

"Niende wapi?"

"Fuata mama!"

Mahali barabara ilipojikunja kulikuwa na dimbwi kubwa. Bi Aziza alilipita kushoto, penye nafasi ya miguu tu. Faida aliliona, akaona gari halitapita hapo, akavuta usukani kulia kwa mikono yote miwili, na magurudumu yakamtii.